Jani halioshwi ndani

Wanawake wa mji huu wanajua kuosha mboga. Ingia nyumba yoyote ya Buyenzi, Bwiza au Kinama kabla ya chakula cha mchana, utakuta beseni la lengalenga uani. Maji ya kwanza yamemwagwa na mchanga wake, ya pili yanafuata, ya tatu yametiwa chumvi. Wapo wanaoongeza siki, wapo wanaodondoshea klorini. Bidii hiyo tumeinunua kwa bei kubwa. Kipindupindu kimetupiga mara nyingi, na kilipotangazwa tena Bujumbura mwanzoni mwa 2023, redio zilitukumbusha asubuhi na jioni: nawa mikono, chemsha maji, osha mboga. Tukasikia, tukatii.

Ninachokiona kila siku, hata hivyo, ni kwamba hodari wa kuosha ni wengi, ila anayeuliza mboga imeota wapi ni wa kutafuta kwa tochi. Sokoni Ruvumera tunauliza bei, tunageuza fungu kuangalia kama limenyauka, tunaomba nyongeza. Shamba hatuliulizi. Na shamba ndilo lenye neno. Vijidudu hufa kwa klorini na moto. Risasi na kadimiamu, ambazo ni metali nzito, hazifi, maana hazikuwahi kuwa hai. Zikishapanda kutoka kwenye udongo hadi ndani ya jani, hakuna beseni wala sufuria itakayozitoa.

Nauweka msimamo wangu mezani mapema. Wanaolima mjini wasifukuzwe. Udongo wao upimwe, wapewe majibu ya vipimo bila kufichwa, mboga za majani zihamishwe kutoka sehemu zilizochafuka, na metali nzito zizuiwe pale zinapoanzia safari, kwenye gereji na majalala. Mzigo huo ni wa jiji na wa serikali. Kumtwika mama mwenye beseni ni kumwonea.

Kila kinachomwagika juu hufika chini

Bujumbura imejengwa kwenye mteremko. Juu kuna milima ya Mumirwa, chini kuna Ziwa Tanganyika, katikati tuko sisi. Ntahangwa, Muha na Kanyosha hutoka milimani, hupita katikati ya makazi, kisha humwaga ziwani kila ilichookota njiani. Anayelima ukingoni mwa mito hii analima mahali ambapo uchafu wa mji mzima hupumzika kabla ya kuendelea na safari.

Tuanze na Buyenzi, kartiye ya Waswahili na ya mafundi. Gari likikataa kuwaka, watu husema lipelekwe Buyenzi, na ni fahari yetu kwamba aghalabu huondoka likinguruma. Lakini simama kidogo uangalie kazi inavyofanyika. Fundi analala chini ya gari, anafungua boliti, na mafuta meusi yanatiririka ndani ya dumu lililokatwa. Mengine yatapakwa kwenye mbao kuzuia mchwa. Yanayobaki huishia mtaroni. Pembeni, kijana anapasua betri iliyokufa. Tindikali anaimwaga chini, udongo unachemka kidogo na kutulia. Mabamba ya risasi anayagonga kwa nyundo na kuyarundika kwa ajili ya mnunuzi wa vyuma chakavu. Unga wa kijivu uliobaki chini unafagiliwa pamoja na maganda ya ndizi, kisha mvua ya jioni inaumalizia kazi. Ntahangwa iko hapo hapo, kaskazini mwa Buyenzi.

Tukienda upande wa Buterere, hadithi ni ile ile kwa sura nyingine. Mto Kinyankonge hukusanya maji ya kartiye za kaskazini na kuyapeleka uwanda ambako jiji limeweka jalala lake kuu pamoja na mabwawa ya kusafishia maji machafu. Mabwawa yale ni kitu cha maana, ila mtandao wa mabomba unaoyalisha haujafikia hata nusu ya mji. Sehemu kubwa ya maji yetu machafu hujitafutia njia. Na njia hizo zinapita kwenye matuta ya lengalenga na kwenye majaruba ya mpunga.

Halafu kuna mafuriko, ambayo hayaheshimu mpaka wa shamba. Februari 2014 mvua ya usiku mmoja iliua makumi ya watu kaskazini mwa jiji na kutandaza matope kutoka mtaa hadi mtaa. Tangu 2020 tumeona ziwa likipanda na Rusizi ikiivamia Gatumba mara kwa mara. Maji yakipungua, watu hurudi kupanda kwenye tope jipya wakishukuru kwamba lina rutuba. Nani amewahi kuwaambia tope hilo limepita wapi?

Mzizi unavyodanganywa

Mmea haumezi udongo. Unakunywa maji yaliyoyeyusha madini, na mzizi una milango maalumu kwa kila madini unayoyahitaji: zinki, chuma, manganizi, shaba. Tatizo ni kwamba kadimiamu inafanana na zinki kwa chaji na kwa tabia yake ya kikemia. Bawabu wa harusi anayetambua wageni kwa sare atamruhusu hata mwizi, mradi amevaa sare hiyo. Ndivyo mzizi unavyoipitisha kadimiamu kupitia milango ya zinki, ya chuma na ya manganizi. Ikishaingia, hupanda na maji hadi majanini, na huko mmea huifungia ndani ya vyumba vya seli zake ili isiudhuru. Ndiyo maana fungu la lengalenga linaweza kuwa bichi, laini, lisilo na doa hata moja, na bado likawa na mzigo wake. Macho ya mnunuzi hayana uwezo wa kuukagua.

Risasi ina tabia tofauti. Kiasi kikubwa cha risasi kinachoingia mzizini hukwama huko huko, hakipandi kwa urahisi. Lakini risasi ina njia ya pili: vumbi la barabarani na matone ya mvua yanayorusha udongo juu ya majani. Hapa kuosha kunasaidia kweli, na asije mtu akasema nimewaambia watu waache kuosha. Waoshe. Ila wajue wanachokitoa ni kile kilichokaa juu.

Aseniki, sumu nyingine ya udongoni, nayo hupenda maji. Jaruba la mpunga likifurika, hewa huisha kwenye udongo, aseniki hulegea na kuingia kwenye mpunga kwa mlango wa silika. Jaruba likikaushwa, aseniki hupungua lakini kadimiamu ndiyo inayochangamka. Mkulima wa uwanda wa Imbo anapofungua na kufunga maji shambani anachezea mizani hiyo bila kujua kwamba ipo.

Udongo wenyewe pia una kauli. Udongo wenye tindikali huziachia metali, wenye chokaa huzishika. Udongo wenye samadi na mboji nyingi huzifunga, uliochoka huziachia. Chumvichumvi kwenye udongo, ambayo baadhi ya sehemu za Imbo zinayo, huirahisishia kadimiamu safari ya kwenda mzizini. Maana yake ni kwamba mashamba mawili yenye kiasi sawa cha sumu yanaweza kutoa mboga zisizolingana kabisa. Ndiyo sababu kukisia hakutoshi.

Zao gani limepandwa wapi

Hili ndilo jambo ambalo lingeweza kubadilisha sahani zetu kesho asubuhi, na ndilo linalosemwa kidogo kuliko yote. Mimea hailingani katika kubeba metali. Mboga za majani ziko mstari wa mbele: lengalenga, spinachi, matembele, saladi. Mazao ya mizizi hufuata, hasa kwa udongo unaoganda kwenye maganda. Mazao tunayokula tunda, ganda au punje yake, kama nyanya, bilinganya, bamia, mahindi na maharage, kwa kawaida hubeba kidogo zaidi, kwa sababu mmea hupeleka sehemu ndogo tu ya metali kwenye tunda na mbegu. Mpunga ni wa kuchungwa peke yake kwa sababu ya aseniki na kadimiamu nilizozitaja.

Sasa angalia tumepanda nini wapi. Pembezoni mwa barabara, ukingoni mwa mtaro, kwenye tope la Kinyankonge, tumepanda lengalenga. Mahindi na nyanya tumeyaacha kwa mashamba ya mbali. Hatukufanya hivyo kwa ujinga. Lengalenga hukomaa kwa wiki chache, halitaki mtaji, na fungu huuzwa siku ile ile lilipong'olewa. Mama aliyefiwa na mume, mwenye watoto wa kulisha na kipande cha ardhi kisicho chake, atapanda nini kingine? Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Lakini matokeo yake ni kwamba zao linalonyonya zaidi tumelipeleka mahali penye cha kunyonya zaidi.

Codex, chombo cha kimataifa kinachoweka viwango vya chakula, kinakubali risasi isiyozidi miligramu 0.3 na kadimiamu isiyozidi miligramu 0.2 katika kila kilo ya mboga za majani. Huo ni uzito wa punje chache za chumvi ndani ya kilo nzima. Ukiona jinsi kiasi kinachovumilika kilivyo kidogo, utaelewa kwa nini betri moja iliyopasuliwa karibu na shamba si jambo la kupuuza.

Majirani walishapima

Watakaosema haya ni mambo ya Ulaya wapande basi waende Kampala. Mwaka 2006 watafiti wa huko walichapisha vipimo vya udongo na mboga zilizolimwa kando ya barabara. Risasi kwenye udongo ilikuwa nyingi karibu na lami, ikapungua haraka kadiri walivyojitenga, na ilipofika mita 30 ilikuwa imerudi kwenye kiasi cha kawaida. Ushauri wao ulikuwa wazi: mboga za majani zisilimwe ndani ya mita 30 kutoka barabara yenye magari mengi. Nimepita barabara zetu nyingi, na kuna matuta ambayo hata mita tatu hayafiki.

Dar es Salaam walitangulia. Mwaka 1999 wanasayansi wa Tanzania waliandika juu ya mchicha, majani ya maboga, kunde na mboga nyingine zilizolimwa kando ya mto Msimbazi na mto Sinza, na wakakuta kadimiamu na risasi ndani yake. Mchicha wa Dar ndio lengalenga letu, na Msimbazi na Ntahangwa ni mito ya tabia moja.

Nairobi, mwaka 2007, ripoti ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa kuhusu jalala la Dandora ilieleza kwamba watoto 328 wa eneo hilo walipimwa, na nusu yao walikuwa na risasi kwenye damu kwa kiwango cha mikrogramu 10 au zaidi kwa desilita. Ng'ambo ya ziwa letu, huko Katanga, watafiti wa Lubumbashi na Leuven walionyesha mwaka 2009 kwamba watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya kuyeyusha madini walikuwa na kobalti nyingi mno kwenye mkojo.

Wapo watakaojitetea kwamba hatuna migodi ya Katanga. Ni kweli, na tumshukuru Mungu. Lakini Owino Uhuru, mtaa wa Mombasa, haukuwa na mgodi. Ulikuwa na kiwanda kimoja cha kuyeyusha betri chakavu. Kilifungwa mwaka 2014 baada ya wakazi, wakiongozwa na Phyllis Omido, kupiga kelele kwa miaka. Julai 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikauthibitisha ushindi wao. Hesabu miaka iliyopita kati ya kiwanda kufungwa na neno la mwisho la mahakama. Mtoto aliyezaliwa mwaka kilipofungwa alikuwa ametimiza miaka kumi.

Kesi ya zamani kuliko zote hizi ni ya Japani. Kadimiamu kutoka mgodi wa Kamioka iliteremka na mto Jinzu hadi kwenye mashamba ya mpunga, na wanawake waliozeeka wakila mpunga huo wakaanza kuvunjika mifupa. Serikali ya Japani ilikubali rasmi chanzo cha ugonjwa huo mwaka 1968. Kuusafisha udongo wa mashamba yale kukachukua zaidi ya miaka 30, tena kwa nchi tajiri. Maji yakimwagika hayazoleki, na metali ikizama udongoni haizoleki zaidi.

Sumu isiyo na haraka

Kipindupindu humwangusha mtu kwa siku moja, na mtaa mzima hujua. Metali nzito haina tabia hiyo. Hakuna atakayetapika baada ya kula lengalenga la leo, wala la mwezi huu. Kadimiamu hujikusanya kwenye figo, na nusu ya iliyoingia inaweza kukaa humo miaka 10 hadi 30. Risasi hujificha kwenye mifupa. Mwanamke akibeba mimba, mwili unapochota madini kwenye mifupa yake kumjengea mtoto, risasi aliyoila akiwa msichana hutoka nayo. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto.

Kwa familia ya Kamenge au Kanyosha, haya yataonekanaje? Yataonekana kwa mtoto anayekaa darasani lakini somo haliingii, mwalimu akamwita mvivu. Yataonekana kwa baba wa miaka hamsini ambaye figo zimechoka na hakuna anayejua tangu lini. Hakuna cheti kitakachoandikwa kwamba chanzo kilikuwa mboga. Kikulacho ki nguoni mwako, na hiki kimeingia hadi ndani ya ngozi.

Kuna jambo jingine linalonisumbua zaidi. Mtoto mwenye upungufu wa madini ya chuma hunyonya risasi na kadimiamu zaidi ya mtoto aliyeshiba vizuri, kwa sababu utumbo wake, kama ule mzizi, umeongeza milango ya kutafuta chuma na haubagui kinachopita. Utafiti wa kitaifa wa afya na uzazi wa 2016 hadi 2017 ulionyesha kwamba asilimia 56 ya watoto wetu wa chini ya miaka mitano wamedumaa. Kwa hiyo sahani moja ya mboga iliyochafuka haiwadhuru watoto wote sawasawa. Inamdhuru zaidi aliyekwisha kudhulumiwa na njaa.

Mwenye nacho wa Rohero au Kinindo leo anakula lengalenga, kesho kabichi za Bugarama, kesho kutwa mukeke wa kuchoma. Hata kama mboga ya leo ina kasoro, mwili wake unapata nafasi. Anayekula bugali kwa lengalenga la bonde lile lile, siku baada ya siku kwa miaka, hana nafasi hiyo.

“Tumekula miaka yote”

Najua majibu ninayoyasubiri. La kwanza ni hili: wazee wetu walilima hapa, tumekula miaka yote, hatujafa. Wazee wetu walilima kando ya Ntahangwa iliyokuwa na magari machache, bila rundo la betri za pikipiki na za sola, bila simu zilizochomwa ili kupata shaba. Hata petroli yenye risasi, iliyonyunyizia barabara zetu risasi kwa miongo, iliondolewa katika nchi za kusini mwa Sahara mwaka 2006 tu, na duniani kote ikaisha mwaka 2021. Ile risasi ya zamani haikuondoka na petroli. Imo kwenye udongo, na juu yake tumeongeza nyingine.

La pili: basi piga marufuku kilimo cha mjini, mambo yaishe. Jibu hili huwafurahisha sana wale ambao hawajawahi kununua mboga kwa faranga walizokopa. Ukimfukuza mkulima wa Kinyankonge, jioni hiyo bei ya fungu inapanda Kinama, na yeye mwenyewe anahamia bonde jingine ambalo pia halijapimwa. Umeihamisha sumu na kuongeza njaa. Tena bustani za mjini zina faida ambayo gari la mizigo haliwezi kutupatia, hasa dizeli inapokosekana: mboga mbichi zinazofika sokoni kwa miguu.

La tatu husemwa kwa sauti ya chini ofisini: tukipima na kutangaza, tutazua taharuki, watu wataacha kununua. Mficha maradhi kifo humuumbua. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, na wakulima wasio na hatia wakabaki na magunia mpakani. Sumu ambayo hatukuipima wenyewe itapimwa na mwingine, siku asiyotushauri, kwa faida yake.

Ya kufanya kabla ya msimu wa C

Kazi yenyewe haihitaji miujiza. Ya kwanza ni kupima. Tuna ISABU, taasisi ya utafiti wa kilimo inayojua udongo wa nchi hii, tuna Chuo Kikuu cha Burundi chenye vijana wanaotafuta mada za tasnifu, tuna BBN yenye jukumu la viwango. Vipo vifaa vya mkononi vinavyosoma risasi, zinki na shaba kwenye udongo kwa dakika chache hapo hapo shambani. Kadimiamu ni ngumu zaidi na huhitaji maabara, lakini sampuli chache zilizochaguliwa vizuri hutosha kuanzia: ukingo wa chini wa Ntahangwa, bonde la Kinyankonge, mashamba yanayolizunguka jalala la Buterere, na matuta ya barabara kuu. Majibu yasomwe redioni kwa Kirundi na Kiswahili, yabandikwe zoni, yatangazwe misikitini na makanisani. Mkulima apewe karatasi ya shamba lake mkononi.

Ya pili ni kupanga mazao upya. Shamba lililoonekana chafu kiasi, lengalenga liondoke, iingie migomba, mahindi, nyanya, bamia. Lililochafuka sana, lipandwe maua, miche ya miti au majani ya kuezekea, na mkulima wake atafutiwe kipande kingine kabla hajaambiwa aondoke. Mita 30 za Kampala zianze kuheshimiwa hapa, na pasipo nafasi, upandwe ua mnene wa kuzuia vumbi.

Ya tatu ni kuutibu udongo. Chokaa, ambayo wakulima wa Mugamba wanahimizwa kuitumia dhidi ya tindikali, inaweza pia kupunguza kadimiamu inayopanda kwenye mimea pale udongo wa bondeni ulipo na tindikali. Samadi na mboji safi husaidia vilevile. Nasema safi kwa makusudi. Mboji iliyochotwa jalalani inanenepesha mboga na kuileta metali kwa mkono ule ule, na isiuzwe kabla haijapimwa.

Ya nne, na bila hii nyingine zote ni kuteka maji kwa pakacha, ni kukamata chanzo. Kila betri inayoingia nchini iwe na amana: anayeirudisha nzima analipwa, anayeipasua hapati kitu. Kijana wa Buyenzi anapasua betri kwa sababu risasi ina mnunuzi. Mpe mnunuzi anayetaka betri ikiwa nzima, utaona nyundo imewekwa chini. Mafuta machafu ya injini yakusanywe kwa mapipa ya zoni, na gharama ilipwe na waagizaji wa mafuta na betri badala ya fundi mwenye spana mbili. Hatuwezi kusema serikali haina meno. Agosti 2018 ilitolewa amri ya kupiga marufuku mifuko ya plastiki, ikiwa na muda wa watu kujiandaa. OBPE, ofisi ya kulinda mazingira, ipo kwa ajili ya kazi ya namna hii. Mfuko wa plastiki ulistahili amri kwa sababu unaonekana umenasa kwenye mti. Risasi nayo inastahili, ingawa haionekani.

Tukumbuke pia kwamba mto hauishii shambani. Maji yanayoacha matope Buterere huendelea hadi kwenye ziwa ambalo Regideso huchota maji yetu ya kunywa na wavuvi wetu huvua ndagala. Ziwa Tanganyika lina mlango mmoja wa kutokea, mto Lukuga, na maji yake huchukua mamia ya miaka kujibadilisha. Tunachokiingiza humo tunawaachia wajukuu wa wajukuu.

Juni maji yakipungua mabondeni, msimu wa C utaanza na majembe yatarudi Kinyankonge. Kuchukua sampuli, kuzipima na kuandika majibu ni kazi ya miezi michache, tena ya bei ndogo sana ukiilinganisha na kesi ya Mombasa au udongo wa Jinzu. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Juni ikifika na wakulima wakapanda tena bila karatasi yoyote mkononi, sababu haitakuwa umaskini wa nchi wala ugumu wa sayansi. Itakuwa kwamba wenye ofisi walijua wa kumpigia simu, na hawakupiga.